Chupa ya Kumi na Tisa

Mama alirudi kutoka mazishi ya Mwalimu akiwa na kitabu kimoja ndani ya kiondo. Alikiweka juu ya meza yangu, akaenda jikoni kujitafutia chai. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Harufu ilikuwa imeshatangulia: spiriti iliyokaukia kwenye karatasi, na chini yake chumvi iliyozeeka, harufu ya bahari ambayo niliijua miaka mingi kabla sijaiona bahari yenyewe. Lilikuwa kaunta buku jeusi, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa gunia. Mishono ile mibaya ni yangu. Niliishona nikiwa darasa la sita.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa Lindi ya Kibera, na Kibera yote kwa jumla, mnakumbuka habari ya chupa. Chupa ya jemu, ya siagi ya njugu au ya kahawa haikutupwa ikiisha. Ililowekwa kwenye maji moto yenye sabuni ya unga, ikasuguliwa kwa stilwaya mpaka karatasi itoke na gundi iishe, ndipo ikatiwa chumvi au majani ya chai na kupandishwa kwenye rafu yenye kitambaa. Chupa iliyobaki na karatasi ya dukani ilikuwa aibu. Jirani akiingia akakuta sukari yako imekaa ndani ya chupa iliyoandikwa jemu, angenyamaza kwa adabu, kisha aende kusema nyumba ya pili kwamba pale hakuna mama. Mama yangu hakupenda kusemwa. Kufikia umri wa miaka saba nilikuwa fundi wa kutoa lebo kwenye chupa, na nawaambia hivi mapema ili mkisikia nilichofanya msinione mjinga. Nilifanya kazi nzuri sana.

Mama alikuwa akifulia watu nguo na kuwasafishia nyumba. Siku nyingi alisimama asubuhi kwenye mageti ya mtaa wa Ayany na wanawake wenzake, wakingoja kuitwa, na akiitwa ndipo tunajua tutakula nini. Kazi moja tu ndiyo iliyokuwa ya kudumu, nayo ilikuwa kwa Mwalimu, huko Kawangware 46. Shule zikifungwa alinichukua. Tulitoka Lindi mapema, tukakatiza Ayany, tukavuka barabara kubwa na kushika njia ya Kawangware, Mama mbele na mimi nyuma nikihesabu hatua zake.

Mwalimu alikuwa mjane, amestaafu kufundisha baiolojia. Ploti ile ilikuwa ya ukoo wao tangu enzi ambazo pale palikuwa mashamba ya mahindi. Nyuma alikuwa na vyumba kumi na vinne vya mabati alivyopangisha, na mbele akakaa yeye katika nyumba ya mawe iliyokuwa inazeeka pamoja naye. Presha ya macho ilikuwa imeyala macho yake polepole. Aliona mwanga na vivuli vya watu. Herufi zilikuwa zimemtoka kabisa, na sidhani kuna adhabu kubwa kuliko hiyo kwa mwalimu.

Katika stoo yake mlikuwa na chupa ishirini na tatu za kioo, na ndani ya kila chupa, kwenye spiriti, kulikuwa na kiumbe mmoja mwenye umbo la nyota. Aliviita viti vya pweza, jina alilojifunza alipokuwa kijana akifundisha Pwani, ambako yeye na wanafunzi wake waliviokota maji yakipwa. Mimi sikuwa nimeona bahari wala pweza. Niliamini kwa muda mrefu kwamba pweza ni bwana fulani mnene aliyenyang'anywa fanicha yake. Baba yangu alikuwa fundi wa viti, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Likizo ile, mwanawe Mwalimu, Njoroge, alikuwa ameamua kubomoa nyumba ya mawe ajenge ghorofa. Watu wa chuo fulani wanaohifadhi viumbe walikuwa wamekubali kuja kuchukua mkusanyo wake kabla matingatinga hayajafika. Basi siku moja Mwalimu alikwenda mkutano wa akina mama wa kanisa, na Mama, akiwa nje na beseni la mablanketi, akaniambia nipanguse zile chupa kwa sababu wageni wanakuja. Niliingia nikazitazama. Kila moja ilikuwa na karatasi nje, imegeuka rangi ya chai, pembe zimekunjamana, mende wameionja. Niliona aibu kwa niaba ya Mwalimu. Nikachemsha maji.

Ilinichukua asubuhi nzima. Nilifunga vifuniko vizuri, nikaloweka, nikasugua, nikasuuza, nikazipanga kwa urefu kwenye rafu. Jua lilipoingia dirishani zilimetameta mpaka nikacheka peke yangu. Karatasi zilikwenda na maji machafu mtaroni, wino umeshajitenga na kuwa ukungu wa buluu.

Mwalimu aliporudi aliingia stoo akitanguliza mkono kama alivyozoea. Alishika chupa ya kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye kioo. Akakipitisha tena. Akashika ya pili, na ya tatu. Mimi nilisimama kando nikingoja sifa zangu.

"Kasichana," akasema, "karatasi ziko wapi?"

"Nimetoa zote, Mwalimu. Hata gundi haijabaki."

Aliketi juu ya debe. Machozi yakamtoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri amefurahi.

Mama alielewa kabla yangu. Alisimama mlangoni, mikono inadondosha povu. Mwalimu hakupaza sauti. "Mama Kageha, hawa watu wanakuja Ijumaa ya wiki ingine. Hizi vitu bila jina hawachukui. Kitu haijulikani ni nini na ilitoka wapi, hiyo ni takataka. Njoroge akibomoa, zinaenda na kifusi."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilimwambia apanguse tu."

"Mwenye alizitoa atazirudisha. Kitabu iko. Asiporudisha, mimi na wewe tutaachana vizuri."

Njiani kurudi Lindi, Mama alilia akitembea. Nilimuuliza analia nini ikiwa wataachana vizuri. Akaniambia kuachana vizuri ni kufukuzwa na mtu wa kanisa. Hapo ndipo nilipoelewa. Niliwaza mageti ya Ayany na Mama akisimama pale kila siku ya Mungu kwa sababu ya usafi wangu. Nikaapa kimoyomoyo kwamba zile chupa zitapata majina yake, hata ikibidi nimwendee bwana pweza mwenyewe nimuulize.

Kesho yake Mwalimu alinipa kaunta buku, lenzi ya mkono na bakuli jeupe. Kitabu kilikuwa na mistari ishirini na mitatu kwa Kiingereza chake kilichonyooka: namba, jina, sifa, mahali kiumbe alipookotwa, na pembeni kabisa safu nyembamba yenye herufi zilezile mbili kuanzia juu hadi chini. Nilimuuliza ni za nini.

"Hizo ni jina yangu kwa kifupi. Hapo anaandikwa mwenye ametambua. Mwenye amesimama akasema hii ni hii."

"Nikimaliza utaniandika hapo?"

"Jina ya mtu haiingii hapo mpaka awe na hakika. Wewe kwanza una kesi."

Nilianza kwa rangi, kama mtu yeyote mwenye akili. Kitabu kilisema namba mbili ni buluu, namba tano nyekundu, namba kumi na moja ya zambarau. Nilizitazama chupa zote ishirini na tatu, na zote zilikuwa rangi moja, ile ya ugali uliolala. Nilishinda siku nzima nikizigeuza kwenye mwanga nitafute buluu, na jioni nilimwambia Mwalimu kwamba kitabu chake kinadanganya. Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba wetu. Akanieleza kwamba spiriti hula rangi. Kitu kikikaa humo, kinachobaki ni umbo, na umbo ndilo la kuuliza maswali.

Basi nikajifunza kuuliza. Nilihesabu mikono, na moja tu ilikuwa na mikono saba, nayo ilikuwa kitabuni, kwa hiyo nikapata ya kwanza na kukimbia uani kumwambia Mama. Nilipima urefu wa mkono na upana wa kati kwa rula yangu ya shule. Kuna aina, Culcita, ambayo haina mikono kabisa, imefura kama andazi, na hiyo hata kipofu angeijua. Nyingine zilinisumbua. Ilinibidi kuzipindua kwenye bakuli na kutazama mferejini, upande wa tumbo, ambako miguu yake midogo imejipanga. Nyingi zina miguu yenye kikombe kwenye ncha, cha kushikia mwamba. Zile zinazoishi mchangani miguu yao imechongoka, maana mchanga haushikwi, huchimbwa. Siku nilipoiona tofauti ile kwa lenzi nilirudia kuitazama mara tatu. Nilihisi kama nimefunguliwa geti.

Makosa niliyafanya, tena ya kutosha. Nilikuta moja yenye mikono minne nikatangaza kwamba haimo kitabuni, ni mpya duniani. Mwalimu akaniambia nipitishe kidole pale ambapo mkono wa tano ungekaa. Palikuwa na kovu. Nyingine ilikuwa na mkono mmoja mrefu na minne midogo kama kucha, nami nikamwambia ni mama ananyonyesha.

"Nimekuuliza unaona nini?"

"Mama na watoto."

"Hiyo unafikiria. Unaona nini?"

Nikatazama tena. "Mkono moja kubwa. Nne ndogo. Zimetoka kwa kichwa ya ile kubwa."

"Sasa hiyo naweza kutumia. Ni mkono ulikatika, ukaanza kujijenga mwili mzima." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Mimi nina nyumba kumi na nne za kupangisha, lakini kwa hii kazi mimi ndio mpangaji. Nimepanga kwa macho yako. Chenye unaona ndio useme. Usinipangishe nyumba haina ukuta."

Nilimwogopa, na nilimpenda. Hayo mawili hukaa pamoja kwa mtoto bila kugombana.

Kila iliyojulikana niliiandikia kikaratasi kwa penseli bapa ya Baba, ile ya useremala, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti na penseli haiyeyuki. Kikaratasi kiliingia ndani ya chupa pamoja na mwenyewe. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini yeye alibandika nje. Alijikuna shingo. "Nilijua ni ndani tangu chuo. Nikabandika nje ndio wanafunzi wasome vizuri, na mwandiko wangu uonekane. Hilo kosa lilianza na mimi, wewe umelimalizia tu." Chupa zilizopungua spiriti tulizijaza kwa ile ya Baba ya kuchanganyia polishi, aliyonipa kwenye chupa ya soda akinionya nisikaribie jiko. Tangu hapo bahari kwangu ilikuwa na harufu ya karakana yetu.

Wiki ya pili ilinikuta nikitembea na vile viti kichwani. Nilichora mikono na mifereji kwa mkaa kwenye ukuta wa choo cha ploti yetu, na jirani mmoja akaenda kumwambia Mama nimeingia dini ya nyota. Nilikuwa nikila nikihesabu. Asubuhi Mama alikuwa ananiamsha kabla ya kuku, na nilijua anahesabu pia, siku.

Jumatano, siku mbili kabla ya wageni, zilikuwa zimejulikana ishirini na mbili. Ilibaki chupa moja na mstari mmoja, namba kumi na tisa. Mama aliingia akifuta mikono, akatazama. "Si imebaki chupa moja na jina moja? Hiyo si hata hesabu, Kageha. Weka twende nyumbani."

Nami nilikuwa nimeshaanza kuimba moyoni. Nilisoma mstari kwa sauti ili Mwalimu asikie, kama tulivyofanya kwa zote: Protoreaster lincki, mikono mitano, nundu mgongoni, na miiba inayotokeza kandokando ya mikono kuelekea nchani. Nikaitoa ile ya mwisho, nikaiweka kwenye bakuli. Mikono mitano, naam. Nundu, naam, tena nene nzuri. Nikatafuta miiba ya kando. Nilizunguka mkono wa kwanza, wa pili, mitano yote, nikarudia kwa lenzi. Kandokando palikuwa laini, wala hapakuwa na kovu.

"Mwalimu, hii haina miiba za pembeni."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Lakini iko na tundu."

"Tundu gani?"

"Hapa kwa ncha ya mkono. Moja. Ni ya mviringo, imetokea upande ingine. Labda ni sikio?"

Mwalimu alinyoosha mkono nikamwekea kiganjani. Vidole vyake vilitembea juu ya nundu, vikateremka hadi nchani, vikalikuta lile tundu. Hapo vikasimama. Nje nilimsikia mpangaji mmoja akigombana na mtoto juu ya kandambili. Uso wa Mwalimu ulikuwa umefungwa.

"Andika kumi na tisa," akasema.

"Lakini Mwalimu, hiyo kitabu inasema..."

"Nimesema andika."

Mama alinikazia macho. Niliyajua yale macho. Yalikuwa yananiambia kuhusu mageti ya Ayany. Nilichukua penseli. Mwalimu alikuwa hawezi kusoma, Mama alikuwa hajali kilichoandikwa mradi kiandikwe, na mimi nilikuwa nimechoka. Ingekuwa rahisi kuliko kumeza mate. Hata leo siwezi kusema kwamba nilikuwa mwema. Nilikuwa mkaidi tu. Kwa siku kumi nilikuwa nimefundishwa kutosema nisichokiona, nikagombezwa kwa ajili yake, nikarudishwa kwenye bakuli mara ishirini, na sasa yule yule aliyenifundisha alitaka niseme miiba ipo. Nilikasirika. Niliandika neno moja, nikakunja kikaratasi, nikakitumbukiza ndani na kufunga kifuniko kwa nguvu.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika."

Siku mbili zile sikula vizuri. Kila nikimtazama Mama nilijiambia kesho nitakibadilisha, na kila nikiishika chupa mkono ulikataa.

Ijumaa walikuja wawili, mzee mmoja mwenye miwani na dada mmoja kijana mwenye daftari. Njoroge alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia mfukoni, mtu aliyetaka shughuli iishe. Mwalimu alivaa vazi lake la kanisani. Mama alileta chai na nduma za kuchemsha kwenye sinia. Yule dada alianza kuinua chupa moja moja, akisoma vikaratasi kupitia kioo, na mzee akifuata kwenye kaunta buku. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya saba. Mara moja moja alitoa lenzi yake, akatazama, akaguna kwa kuridhika. "Hizi zimepangwa vizuri," akasema. "Nani amefanya?" Mwalimu akaelekeza kidevu upande wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Alifika ya kumi na tisa. Aliinua, akageuza, akaisogeza karibu na macho.

"Hii imeandikwa 'Sijui'."

Njoroge alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Mwalimu alisema, "Soma tena."

"Sijui. Ndio tu imeandikwa."

"Kageha."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. "Naam, Mwalimu."

"Nilikuambia uandike nini?"

"Kumi na tisa."

"Na mbona hukuandika?"

Mama alikuwa amesimama na sinia, vikombe vinagongana kidogo kidogo. Nilijua ninachomfanyia. Sauti ilinitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Kwa sababu sio. Ulisema niseme chenye naona. Na mimi nimeangalia, Mwalimu, nimeangalia sana, na hiyo sio kumi na tisa."

Mwalimu akanyoosha mkono, yule dada akampa chupa, naye akaipakata.

"Mtoto ameandika ukweli," akawaambia wageni. "Ile kumi na tisa yenyewe ilivunjika nikihama kutoka Pwani. Chupa ilianguka, watu wakaikanyaga. Na inspekta alikuwa anakuja, na mimi nilikuwa nimeandika shuleni kwamba niko na ishirini na tatu. Nikanunua hii kwa mtu wa kuuza mapambo, nikailoweka, nikaipa jina ya ile ingine na mahali ya ile ingine. Hiyo tundu ni ya uzi. Walikuwa wanaining'iniza."

"Maitu," Njoroge akamwambia mama yake, "hiyo ni kitu kidogo."

"Nimefundisha watoto wa watu na hiyo kitu kidogo, mpaka nikastaafu."

Mzee mwenye miwani alifunga kitabu taratibu na kumrudishia. Alisema watachukua ishirini na mbili, na kwamba ni mkusanyo mzuri. "Hii, Mwalimu, kama haijulikani ilitoka wapi, hatuna mahali ya kuiweka."

"Najua. Iacheni."

Waliondoka na makasha. Mama alikuwa bado palepale, sinia mkononi, akingoja kuachwa vizuri. Mwalimu aligeuza uso upande wa zile kelele za vikombe.

"Mama Kageha, chai inapoa. Na Jumatatu ukuje mapema, kuna mapazia."

Mama alimimina chai ikafurika hadi kwenye kisahani. Njiani kurudi hakunisifu wala hakunigombeza. Tulipofika Ayany alinishika mkono, mimi msichana mkubwa wa darasa la sita, na hakuuachilia hadi Lindi.

Nyumba ya mawe ilibomolewa. Mwalimu alihamia chumba cha chini kwenye ghorofa ya Njoroge, na Mama alimfulia na kumpikia hadi mwisho, hata baada ya mimi kuanza kazi na kumwomba apumzike. Ile chupa iliyokataliwa ilikaa dirishani kwake. Mimi naangalia damu na kinyesi cha watu katika maabara ya hospitali ndogo, naandika kwenye vioo vya sampuli kwa penseli kwa sababu dawa ya kuvipaka rangi huosha wino, na mkubwa wangu hulalamika kwamba narudisha sampuli nyingi mno nikisema sijaona cha kutosha. Mwacheni alalamike.

Mama ametoka jikoni na chai yake sasa, ameketi mbele yangu. Anasema kitabu kilikuwa chini ya mto wa Mwalimu, na aliagiza muda mrefu uliopita kwamba kije kwangu. Anataka nikifungue. Yeye hasomi Kiingereza, lakini kuna ukurasa mmoja, anasema, ambao Mwalimu aliandika kwa mkono wake mbele yake jioni ile ile ya Ijumaa, akikataa kusaidiwa, akipapasa mstari kwa rula yangu ya shule niliyoisahau.

Nimeupata. Mstari wa kumi na tisa umekatwa kwa wino, na mkato wenyewe unaanza sawasawa kisha unateleza hadi ishirini na moja. Juu yake, kwa herufi kubwa zinazopandana kama watu kwenye foleni ya maji, ameandika SIJUI. Nimefuata kidole hadi pembeni, kwenye ile safu nyembamba, nikipita herufi zake mbili zilizoshuka kutoka juu. Kwenye kumi na tisa amezifuta. Mahali pake, kwa mwandiko wa mtu asiyeona, umevuka mstari na kutoka karibu nje ya karatasi, ameandika: Kageha, darasa la sita.